BAHARI NAYO YATAKA DAFTARI

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii watu wa pwani wameizoea madukani, ambako mwenye duka asiyeandika madeni hushtukia rafu zake zi tupu na fedha haijulikani ilikokwenda. Lakini iko mali nyingine ya pwani ambayo haikupata kuandikwa ipasavyo, nayo inapotea vivyo hivyo. Mali hiyo ni kasa, nguva, kamba na samaki wa Visiwa vya Wabajuni na pwani ya Kismayo, pamoja na ujuzi wa wazee wanaoijua bahari hiyo mwamba kwa mwamba.

Visiwa hivyo vimejipanga sambamba na bara ya Somalia, kuanzia upande wa Kismayo hadi karibu na Ras Kamboni mpakani mwa Kenya, mwendo wa zaidi ya kilomita 150. Koyama, Ngumi, Chovai na Chula ni miongoni mwa vile vinavyojulikana zaidi. Ni visiwa vyembamba vya matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe. Upande wa mashariki hupigwa na mawimbi ya bahari kuu; upande wa bara maji yametulia, na humo huota mikoko na majani ya bahari ambayo ni malisho ya kasa na nguva. Wenyeji wake, Wabajuni, husema lahaja ya Kiswahili, na riziki yao tangu zamani imetoka majini.

Mjini Kismayo leo kuna vyuo vikuu, na vijana wa pwani hiyo wanaweza kusoma sayansi bila kuvuka mpaka. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, swali moja linahitaji kujibiwa mapema: mwanafunzi anayesoma elimu ya kuhifadhi viumbe aandike kwa ajili ya nani? Je, amwandikie mwalimu wake peke yake, au awaandikie pia mvuvi wa Koyama, mama wa sokoni na askari wa doria?

Elimu isiyoweza kungoja

Elimu ya kuhifadhi viumbe ni changa ikilinganishwa na sayansi nyingine. Mkutano wake wa kwanza wa kimataifa ulifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1978. Mwaka 1985 Michael Soulé, mmoja wa waasisi wake, alieleza kwamba elimu hii ni ya wakati wa hatari. Mwanasayansi wa nyota anaweza kungoja miaka kumi ili apate hakika. Anayetaka kumwokoa mnyama anayetoweka hana nafasi hiyo. Hana budi kutenda kwa ujuzi ulioko, kama mganga aliyeletewa majeruhi usiku, huku akiendelea kujifunza.

Kama ndivyo, basi somo linalofungiwa ndani ya karatasi za mtihani limeshindwa hata kama mwanafunzi amepata alama zote. Karatasi ya mtihani husomwa na mtu mmoja, ambaye tayari anajua jibu. Kisha hufungwa kamba na kuwekwa kabatini. Kasa aliyetajwa ndani yake hana habari, na mvuvi aliyemnasa hana habari pia.

Mwalimu mwenye busara anaweza kubadili utaratibu huu kwa njia rahisi. Kila mwanafunzi apewe sehemu yake ya pwani: kipande cha ufuko, kijito cha mikoko, au diko ambapo samaki hushushwa. Kila juma aandike ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi kuhusu alichokiona. Ukurasa huo ubandikwe mahali pa watu, usomwe barazani kwa wasiojua kusoma, na majibu ya wasomaji yabandikwe kando yake juma linalofuata. Alama zitolewe mara mbili: kwa maandishi ya kwanza, na kwa namna mwanafunzi alivyopokea masahihisho.

Faida yake huonekana upesi. Mwanafunzi akimwandikia mwalimu kwamba kasa hutaga mayai mia moja hivi katika shimo moja, atapata alama, kwa maana ndivyo vitabu vinavyosema. Akiwaandikia watu wa Chula maneno hayo hayo, ataulizwa: kasa yupi, kasa wa kawaida au ng'amba? Ufuko gani? Wakati wa kaskazi au wa kusi? Uliyahesabu wewe mwenyewe, au uliambiwa? Maswali hayo ndiyo sayansi yenyewe, nayo yameulizwa na mtu ambaye pengine hakukaa darasani hata siku moja.

Samaki aliyejulikana na asiyeandikwa

Iko habari moja ya bahari hii hii ya Hindi inayofaa kukumbukwa. Mwezi Desemba 1938, karibu na mji wa East London huko Afrika Kusini, alipatikana samaki wa ajabu mwenye mapezi mithili ya miguu. Bibi Marjorie Courtenay-Latimer, aliyekuwa mtunzaji wa makumbusho ya mji huo, alitambua kwamba si samaki wa kawaida. Alikuwa silikanti, wa jamii ambayo wataalamu waliamini ilikwisha duniani miaka milioni nyingi iliyopita.

Profesa J. L. B. Smith alitafuta samaki wa pili kwa miaka kumi na minne. Hatimaye alichapisha karatasi yenye picha ya samaki huyo na ahadi ya zawadi ya pauni 100, ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, ikatawanywa bandarini. Mwezi Desemba 1952 mvuvi wa kisiwa cha Nzwani, katika Komoro, alimpeleka sokoni samaki aliyemvua usiku. Mwalimu wa shule aliyekuwapo alikuwa ameiona ile karatasi. Akamzuia asimkate, na samaki akachukuliwa hadi alipopatikana mtu wa kumpelekea habari profesa.

Kumbe wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua samaki huyo miaka yote, na walimwita gombesa. Wataalamu walihangaika kwa miaka kumi na minne kutafuta jambo ambalo wavuvi walikuwa nalo vichwani, kwa sababu hapakuwa na maandishi ya kuwaunganisha. Karatasi moja nyepesi, na mwalimu mmoja aliyezoea kusoma, vilitosha kulipa deni hilo. Baadaye, kuanzia miaka ya 2003 na 2004, silikanti wengi walinaswa katika nyavu za pwani ya Tanga, na mwaka 2009 Tanzania ikaanzisha hifadhi ya bahari kwa ajili yao.

Yaliyokwisha kufanyika Afrika Mashariki

Kuwatoa wanafunzi darasani ili elimu iwafikie wananchi si jambo geni katika nchi zetu. Somalia yenyewe ilitoa mfano mkubwa. Baada ya lugha ya Kisomali kupewa maandishi rasmi mwaka 1972, shule zilifungwa mwaka 1974, na vijana na walimu zaidi ya 20,000 wakapelekwa mashambani na malishoni kufundisha kusoma na kuandika. Waliwakuta wafugaji wakiwa katika ukame mkali wa miaka ya 1974 na 1975. Wanafunzi waliokwenda kufundisha wakajikuta wakishiriki kazi za kuhesabu watu na mifugo na za kuwasaidia walioathirika. Baada ya ukame, baadhi ya wafugaji waliopoteza wanyama walihamishiwa pwani na kufundishwa uvuvi.

Nchini Kenya, vyama vya wanafunzi vya wanyamapori vilianzishwa mwaka 1968, vikawa na gazeti lao lililoitwa Komba, ambamo vijana wa shule waliandika waliyoyaona. Tanzania ilifuata mwaka 1980 kwa vyama vya Malihai, na jina hilo ni somo tosha, maana linaunganisha maneno mawili, mali na hai.

Huko Watamu, pwani ya Kenya, limekuwapo tangu 1997 shirika linaloshirikiana na wavuvi kuhusu kasa. Mvuvi anayemnasa kasa kwa bahati mbaya hutoa taarifa. Kasa hupimwa, hutiwa kibandiko chenye namba, huandikwa daftarini na kurudishwa baharini. Hapo mvuvi amekuwa mmoja wa waandishi wa kitabu cha bahari, na hatazamwi tena kama mkosaji anayevizia kukamatwa.

Ujuzi unaoondoka na wenyewe

Kwa Wabajuni haja ya kuandika ni kubwa zaidi kuliko kwa wengi wengine, kwa sababu historia imewatawanya. Mwaka 1925, Uingereza ilipoikabidhi Italia nchi ya Jubaland, mpaka mpya uliwagawa, wengine wakabaki upande wa Lamu na wengine upande wa Kismayo. Vita vilivyofuata kuanguka kwa serikali ya Siad Barre mwaka 1991 vikawafukuza wengi visiwani. Walikimbilia Kenya kwa mashua, na baadhi yao wakaishia Ulaya. Mzee anayekaa katika ghorofa ya mji wa baridi anaweza kuwa ndiye pekee anayejua jina la mwamba fulani na sababu ya kuitwa hivyo. Wajukuu zake hawajaiona bahari hiyo.

Ujuzi wenyewe si mdogo. Wavuvi wa Kibajuni walijulikana kwa kumvua kasa kwa kutumia samaki mwingine aitwaye chazo, mwenye kibandiko kichwani ambacho hushika kitu kwa nguvu. Chazo hufungwa uzi mkiani, huachiliwa karibu na kasa, hushikamana na gamba lake, na mvuvi huvuta uzi taratibu. Leo kasa ni wa kulindwa, na hakuna haja ya kuufufua uvuvi huo. Lakini mtu aliyeweza kufanya hivyo alijua kasa hupumzika wapi, huibuka baada ya muda gani, na hupendelea malisho yapi. Maarifa hayo hayo ndiyo anayoyahitaji mhifadhi.

Mambo mengi ya aina hiyo yaliandikwa na mtaalamu wa Kiitalia, Vinigi Grottanelli, katika kitabu chake kikubwa juu ya wavuvi wa Bahari ya Hindi kilichotolewa mwaka 1955. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini imeandikwa kwa Kiitalia, na mtoto wa Chovai anayetaka kujua babu yake alivuaje hana njia ya kuisoma. Maandishi ya wanafunzi, kwa Kisomali na kwa Kibajuni, yanaweza kuirudisha elimu hiyo nyumbani kwake.

Kosa lisiloonekana kwa umri mmoja

Pengine mtu atauliza: kwa nini kuandika, wakati kila mtu ana macho? Jibu liko katika maisha ya viumbe wenyewe. Kasa jike huchukua miaka ishirini au zaidi kabla ya kuanza kutaga. Kwa hiyo mayai ya ufuko mzima yakichukuliwa mwaka huu, kasa mama wataendelea kuja mwakani na mwaka wa tatu, na watu watasema hapana neno. Upungufu utaonekana wakati wachukuaji wamekwisha kuzeeka. Kijana atakayeukuta hatajua chanzo chake.

Nguva naye huzaa mtoto mmoja tu, baada ya mimba ya zaidi ya mwaka mmoja, na hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Ni mnyama wa kupumua hewa. Akinaswa katika jarife usiku, hufa maji kabla ya alfajiri. Mwezi Desemba 2022 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, likikadiria kwamba wakubwa wanaoweza kuzaa hawafiki 250 katika pwani yote.

Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi, Daniel Pauly, alieleza udhaifu mmoja wa binadamu: kila kizazi huihesabu bahari iliyoikuta utotoni kuwa ndiyo bahari kamili. Baba aliona nguva kumi, mwana akaona wawili, mjukuu hakuona hata mmoja, na kila mmoja akadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Daftari ndilo linaloweza kumwonyesha mjukuu yale aliyoyaona babu.

Ya kuandika na ya kuficha

Ukurasa wa mwanafunzi unapaswa kuwa na mambo machache yasiyokosekana: tarehe na saa, upepo, maji, kama ni ya bamvua au maji mafu, jina la kiumbe kwa lugha ya wenyeji, hesabu, hata ikiwa ni sifuri. Siku ambayo hakuonekana kitu nayo iandikwe, maana bila siku tupu, siku zenye neema hazina kipimo. Juu ya yote, mwandishi atenganishe aliyoyaona kwa macho na aliyoyasikia. Mchungaji wa Kiingereza Gilbert White, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliweza kuonyesha kwamba ndege wadogo waliodhaniwa ni aina moja walikuwa aina tatu, kwa sababu alisikiliza nyimbo zao kwa makini mwaka baada ya mwaka katika kijiji chake. Vyombo vyake vikuu vilikuwa masikio, kalamu na subira.

Lakini si kila kweli hutangazwa. Mahali hasa palipo kiota cha kasa pasibandikwe barazani, wala mwamba ambako kamba wamekusanyika, kwa maana mwizi naye husoma. Habari hizo zikae katika daftari la mwalimu, na katika ukurasa wa wazi litajwe eneo kwa ujumla tu. Vilevile mwanafunzi asiandike mienendo ya doria, vituo vya askari wala vyombo vyao. Mvuvi aliyetoa habari asitajwe jina bila ridhaa yake, hasa katika nchi iliyopita vitani, ambako neno dogo linaweza kumletea mtu taabu.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi watatangaza makosa. Hilo ni kweli, watakosea. Lakini kosa lililobandikwa mbele ya watu husahihishwa, na kosa lililofungiwa kabatini hubaki hapo milele. Wengine watasema mwalimu ataelemewa na kusoma. Basi wanafunzi wasomeane kwanza, kila mmoja amsahihishe mwenziwe, na mwalimu apokee zilizokwisha kuchujwa.

Daftari la nyumbani

Jambo hili haliwahusu wanafunzi peke yao. Uhifadhi na usalama ni ndugu. Mwezi Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku mkaa kutoka Somalia, kwa kuwa biashara hiyo, ambayo Kismayo ilikuwa bandari yake kubwa, iliwapatia fedha wapiganaji wa al-Shabaab. Mwaka huo huo mji ulitolewa mikononi mwao na majeshi ya Kenya yaliyokuwa katika ujumbe wa Umoja wa Afrika, pamoja na Wasomali walioshirikiana nayo. Askari waliokuwa huko wanajua kwamba mti uliokatwa bara unaweza kugeuka risasi pwani.

Familia ya askari au polisi inayokaa karibu na bahari, popote pale katika pwani yetu, inaweza kuanza leo kwa daftari moja la shule. Lichorwe safu tano: tarehe, jina la samaki aliyenunuliwa, urefu wake kwa shubiri, bei, na mahali alikovuliwa. Mama au baba anayetoka sokoni amtajie mtoto, na mtoto aandike. Baada ya mwaka mmoja nyumba hiyo itajua kama changu wamepungua urefu, kama nguru wanakuja mwezi ule ule, na kama bei inapanda kwa sababu ya upepo au kwa sababu bahari imechoka. Kamba akikutwa na mayai chini ya tumbo, aandikwe pia, na muuzaji aelezwe kwa upole kwamba jike huyo alibeba kamba wa miaka ijayo na angefaa kurudishwa akiwa hai.

Mtoto aliyezoea daftari hilo akifika chuo kikuu hatakuwa mgeni wa elimu ya uhifadhi. Atakuwa amekwisha kujifunza lililo gumu kuliko majina yote ya kigeni ya viumbe, yaani kutazama kwa makini, kuandika kwa uaminifu, na kukubali kusahihishwa na anayejua zaidi.

Wazee wa Koyama na Chula wanaondoka mmoja mmoja, wengine wakiwa mbali na makaburi ya baba zao. Kila anayeondoka bila kuulizwa huchukua ukurasa wa bahari ambao hakuna atakayeuandika tena. Vijana wenye kalamu wapo, na wazee wachache bado wapo. Kilichobaki ni mwalimu kuwakutanisha wakati ungalipo.